Kiberiti cha Nyongeza

Ukiuliza sokoni Homa Bay, watakuambia mimi ni mtu asiye na haya. Nauza shuka na mapazia, na mdomo ninao. Mteja akija na simu mkononi anilinganishie bei yangu na ya lile duka kubwa la bei ya kutupa lililofunguliwa juzi, humwambia basi ajifunike hiyo simu usiku. Wenzangu hucheka. Hawajui kwamba kuna kitu kimoja, kidogo cha kuenea kiganjani, ambacho nikikiona kwenye kaunta ya duka lolote hugeuza macho. Kitu chenyewe ni kiberiti.

Nimekaa na habari ya kiberiti hicho miaka ishirini na zaidi bila kumwambia mtu. Si mume wangu, si binti yangu, wala padri kwenye kitubio. Naiandika sasa kwa sababu ya siku ile ya mwezi uliopita, tulipompeleka nyanya yangu kununua malapa.

Nyanya yangu, ambaye kwa Kijaluo namwita dani, ndiye aliyenilea. Boma lake liko bonde la Lambwe, na kazi yake ilikuwa kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Alinunua magunia Mbita, akauza kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili ambao kwetu ndio mizani. Sasa mkebe huo una ujanja wake. Kuna wauzaji wanaougonga kwa chini mpaka kitako kinaingia ndani, mteja akadhani amejaziwa kumbe amepunjwa. Dani alikuwa na tabia ya kuugeuza wake kabla ya kupima, kitako juu, kila mtu aone kiko sawa. Aliwafanyia hivyo hata watu waliomjua tangu ujana. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni sehemu ya salamu.

Baada ya kupima kuna nyongeza. Hili lazima nilieleze vizuri, maana kesi yote iko hapo. Kwetu, mkebe ukishajaa na pesa zikishatolewa, biashara bado haijaisha. Mnunuzi husema "medna", yaani niongezee, na muuzaji hujifanya amekasirika, hulalamika kwamba watoto wake watalala njaa, kisha huongeza konzi. Wanaojuana hawaombi hata. Mnunuzi hupeleka mkono mwenyewe kwenye fungu, hujichotea konzi moja huku akimtazama mwenye mali usoni, na mwenye mali humpiga kofi dogo la mkono, wakacheka. Anayechota kwa kificho ni mwizi. Anayechota waziwazi ni rafiki. Na mtu akinunua akaenda zake bila nyongeza, muuzaji huingiwa na wasiwasi, humwita arudi na kumuuliza kuna neno gani kati yao. Nilikulia katikati ya makofi hayo madogo na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali duniani watu wananunua vitu bila hayo.

Hata duka la Mhindi lilikuwa hivyo. Hilo ndilo lililokuwa duka kubwa la wakati wa dani, pale Homa Bay, na lilikuwa na kila kitu: sufuria, blanketi, vitambaa, misumari, chumvi, taa za kandili. Vitu vyote vilikaa nyuma ya kaunta ndefu ya mbao, nawe ulionyesha kwa kidole ukaletewa. Bei haikuandikwa popote, bei ilikuwa maongezi. Mzee mwenye duka alikisema Kijaluo kwa utani kuliko sisi, na alipopima kitambaa akafika mwisho wa yadi, alisogeza mkasi mbele kwa upana wa kiganja kabla ya kukata. Kiganja hicho kilikuwa cha dani. Mimi nilimegewa sukari nguru. Tulimaliza asubuhi nzima mle tukatoka na kitambaa cha gauni moja, na dani akasema njiani, "Yule Mhindi ni mtu."

Mimi nilikuwa nimechoka kwa kusimama. Niseme ukweli, tangu utotoni nilichukia maongezi ya bei. Nilitaka duka ambalo mtu anaingia, anachukua, analipa, anatoka.

Nikalipata. Nilipomaliza kidato cha nne, Migori palikuwa pamefunguliwa supamaketi ya orofa mbili, ya kwanza ya aina yake kwetu. Chini vyakula, juu magodoro, nguo, baiskeli, vyombo. Vitu vya bei nafuu kuliko soko, na kila mwisho wa mwezi ofa zilibandikwa kwa maandishi mekundu mpaka watu wakavuka kutoka upande wa Tanzania. Kila kitu kilikuwa na lebo yake. Mteja akisema "nipunguzie", tulifundishwa kutabasamu na kuigusa lebo kwa kidole. Nilipata kazi ya ukeshia, nikapewa fulana ya kijani na kiti cha kuzunguka. Mshahara wa kwanza nilimpelekea dani nusu, na kwa nusu iliyobaki nilinunua mafuta ya kujipaka yenye harufu kali, kwa sababu nilikuwa na hofu kwamba ngozi yangu inanuka omena.

Hofu hiyo ndiyo iliyonifanya niseme uongo. Wenzangu kazini walikuwa wasichana wa mjini, au walijifanya hivyo, kama mimi. Waliponiuliza kwetu wanafanya nini, nilisema tuna duka la jumla Homa Bay. Nyanya yangu ana malori ya samaki, nikasema. Nilianza kuongea Kiswahili cha Nairobi, na Nairobi yenyewe sikuwa nimewahi kuiona. Maskini akipata, matako hulia mbwata. Wahenga walinisema mimi kabla sijazaliwa.

Dani alikuja siku ya ofa, saa sita mchana, bila kuniarifu. Kwanza nilimwona mlangoni. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani na leso mpya, na soja, yaani mlinzi wa mlangoni, alikuwa akimpokonya kikapu akiweke kwenye kaunta ya mizigo, kama ilivyokuwa sheria. Soja alikunja pua. Nilijua kilichomo kikapuni bila kuona. Dani alipewa kibao chenye namba, akakishika kwa mikono miwili, akaingia akizunguka rafu pole pole. Kule kwenye vyombo alichukua sufuria, akaigeuza juu chini, akakitazama kitako chake, akairudisha. Akachukua nyingine, akafanya vilevile.

Keshia wa jirani akanigusa bega. "Cheki ule mathe anakagua sufuria," akasema, akacheka. Nami nikacheka.

Kisha akapanga foleni yangu. Foleni ya jirani ilikuwa tupu, yule msichana akamwita, "Mama, kuja hapa," naye dani akatikisa kichwa na kubaki kwangu nyuma ya watu sita. Nilikuwa napitisha unga wa watu kwenye mashine na jasho linanitoka mgongoni. Nilimwomba Mungu umeme upotee. Nilimwomba aniletee mtu wa kunishikia zamu. Watu sita wakaisha.

"Nyakwara," alisema kwa sauti ya chini, yaani mjukuu wangu, akanisalimu kwa Kijaluo.

Nikamjibu kwa Kiswahili, nikitazama mashine. "Karibu, mama. Utahitaji mfuko?"

Nadhani aliona kwamba kazi ina sheria zake, kama vile mhudumu wa misa hapungii watu wa kwao mkono akiwa altareni. Akauunga mkono mchezo wangu. "Ndiyo, mama," akasema, "nipe mfuko." Akafungua fundo la leso, akalipia blanketi, sukari na mche wa sabuni. Nikampa risiti.

Hapo ndipo aliponyoosha mkono. Pembeni ya mashine yangu kulikuwa na boksi la viberiti, vya kuuzwa mojamoja. Dani alichukua kimoja. Hakukificha. Alikiinua mpaka usawa wa kifua, akanitazama usoni akitabasamu, na mkono wake ukakaa hapo hewani kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Alikuwa anangoja kofi lake dogo. Alikuwa amepanda magari mawili kutoka Lambwe kuja kununua kwa mjukuu wake, na alikuwa anafunga biashara kama inavyofungwa.

Nilikuwa na sarafu ya kutosha mfukoni mwa fulana yangu. Ningeweza kuitupa kwenye droo na kuchapa kiberiti kwenye risiti. Ningeweza kumwambia, dani, hapa hakuna nyongeza, kirudishe. Nilisema, "Anayefuata."

Mlangoni soja alikuwa analinganisha risiti na vitu, kimoja kimoja. Nilisikia sauti yake ikipanda. "Mathe, hii kiberiti haiko kwa risiti."

"Hiyo ni nyongeza," dani akasema.

Watu wakacheka. Soja mwenyewe alikuwa mtu wa kwetu, alijua nyongeza ni nini kama nilivyojua mimi, lakini mwezi huo wizi ulikuwa umezidi na yeye alikuwa ameshakatwa mshahara kwa sababu ya mafuta ya kupikia yaliyopotea. Akamwita meneja. Meneja alikuwa mtu wa mbali, asiyejua habari za huku, akaja na shati lake la mikono mirefu akaninyooshea kidole. "Wewe ndio ulimhudumia? Ulimpa hii?"

"Sikumpa."

"Nyongeza ni nini?"

Nikasema sijui. Mimi, niliyekuzwa kwa konzi za omena, niliyemegewa sukari nguru mpaka meno yakaoza, nilisimama mbele ya watu nikasema sijui nyongeza ni nini.

Meneja akamgeukia dani. Hakuwa mtu mbaya sana, nadhani alikuwa anatafuta njia ya kulimaliza jambo. "Mama, uko na mtu hapa anakujua? Mtu anaweza kukuongelea?"

Dani akanitazama. Si kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye viti vyetu, "Hapana. Hapa sijui mtu."

Nami nikashusha pumzi. Sitaficha hilo. Nilisikia kifua changu kikilegea kama mtu aliyetuliwa gunia.

Sheria ya duka ilikuwa kwamba anayeshikwa na kitu hupigwa picha, na picha hubandikwa kwenye ubao karibu na kaunta ya mizigo, ili masoja wa zamu nyingine wamjue. Wakamsimamisha dani palepale mlangoni na kiberiti mkononi. Alisimama wima, leso ameiweka sawa. Yule karani mwenye kamera akamwambia mara mbili, "Angalia hapa, mama. Angalia mbele." Wakampiga picha. Wakamwambia aende na asirudi tena, na kiberiti akakirudisha mwenyewe kwenye boksi langu. Alikilaza sawasawa na vingine. Sikuinua macho.

Saa ya chakula cha mchana soja alikuja nyuma stoo anacheka, amebeba kifurushi cha gazeti. "Yule mwizi wangu amenipatia omena," akasema. "Eti alikuwa amebebea mtu lakini amemkosa." Ilikuwa imeshakaangwa, imekauka vizuri, na chumvi nyingi kama nilivyoipenda tangu utoto. Wenzangu wakaizunguka na ugali. Wakaniita. Ningekataa wangeuliza kwa nini, basi nikakaa nao chini, nikanawa mikono. Nilikula.

Picha ilikaa ubaoni miezi mingi, na kila asubuhi nilipita mbele yake nikienda kuvaa fulana. Wengine ubaoni walikuwa vijana wa mapakiti ya wembe na wanawake wa maziwa ya unga. Dani alikuwa katikati. Hakuwa ametazama kamera, macho yake yalikuwa yamekwenda pembeni, kushoto kwake. Wenzangu walimfanyia mzaha. "Mwizi hawezi kuangalia mtu usoni," walisema, na mimi niliamini kwamba ni haya. Niliamini kwamba aibu ilimpata hata akakosa pa kuyaweka macho. Ningeweza kuing'oa picha ile jioni yoyote. Ilishikwa kwa pini mbili tu.

Desemba nilikwenda nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila namna ya maneno na hakukuwa na maneno. Alinichinjia kuku, akaniuliza kama kazi ni nzuri, nikasema ni nzuri. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika. Tulipokwenda sokoni pamoja, alinunua njugu kwa mwanamke waliyeuziana tangu mimi sijazaliwa, akalipa, akafunga mfuko, akageuka kuondoka. Yule mama akamwita, "Na nyongeza yako?" Dani akasema imetosha. Mwanamke akashangaa, akamuuliza amemkosea nini. Dani akasema hajamkosea kitu. Niliona yule mama akibaki ameshika konzi ya njugu hewani, hajui aimwage wapi.

Hapo ndipo nilipojitengenezea hadithi yangu. Nilijiambia kwamba dani alisema hajui mtu ili kunilinda. Aliona nikiulizwa, akajua kazi yangu iko hatarini, akajitoa yeye. Mapenzi ya nyanya, nikasema moyoni. Hadithi hiyo ilinitunza miaka ishirini. Kila picha ile iliponijia, niliifunika na maneno hayo, na nilipozaa binti nilimwambia dani ni mtu wa kujitolea sana, bila kumwambia alijitolea nini.

Supamaketi ile ilikufa. Mwanzoni rafu za juu zikabaki tupu, halafu za chini, wakapanga chupa za maji mbelembele ili ionekane imejaa, mwishowe tukaambiwa tusije tena. Ningependa kusema kwamba siku ya mwisho niliichukua picha ya dani nikaihifadhi. Hadithi ingependeza. Sikuichukua. Ubao wote ulitupwa na makaratasi mengine. Siku hizi jumba lile limegawanywa vibanda vya simu na nywele bandia, na pale nilipokaa mimi kuna kijana anatengeneza chaja.

Yaliyokuja baadaye ni maduka ya bei moja, haya yenye kipaza sauti mlangoni kinachoimba mia-mia-mia tangu asubuhi. Mabeseni, maua ya plastiki, saa za ukutani, vijiko vinavyopinda kwenye uji wa moto. Dani alikigeuza kimoja cha vikombe vya huko nilivyomletea, akakitazama kitako chake, akasema kimesimama kwa bahati. Na binti yangu, aliye chuoni sasa, hata hayo maduka anayaona ya kizamani. Yeye hununua kwa simu, mtu wa bodaboda humletea mlangoni, hawaongei zaidi ya namba. Mimi nauza shuka zangu katikati ya hao wote, na wateja wangu wakisema "medna" nawapa foronya ya zaidi bila kulalamika. Wananiona mkarimu. Waache wanione hivyo.

Mwezi uliopita tulimleta dani Homa Bay apimwe macho. Amepita themanini, haoni vizuri, na miguu imevimba mpaka viatu vimemkataa. Binti yangu akasema twende lile duka jipya, lina malapa laini ya ukubwa wote, bei ya kutupa. Nikasema tununue sokoni. "Mama, acha ushamba," akanijibu, na dani mwenyewe alikuwa ameshainuka.

Ni duka kubwa kuliko lile la Migori, na taa zake ni nyeupe mno. Soja wa mlangoni, kijana mpole, alimwita "dani" na kumsalimu kwa Kijaluo. Dani akaitikia. Kisha, kabla ya kuvuka kizingiti, akapeleka mikono yake nyuma ya mgongo, akavifungamanisha vidole, akaingia.

Alilizunguka duka lote hivyo. Mwanamke wa umri huo, anayehitaji kushika kitu ili asianguke, alitembea kati ya mabeseni na mapazia na mikono imefungwa nyuma. Binti yangu akamwonyesha malapa, dani akainama kuyatazama bila kuyagusa. "Yashike uone yalivyo laini," binti yangu akasema. "Naona," dani akasema, na haoni. Ikabidi binti yangu apige magoti amvishe, huku mimi nikimshika kiwiko. Vidole vyake mgongoni vilikuwa vimekazwa mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Dani anatembea kama inspekta," binti yangu akaninong'oneza, anacheka. Sikucheka safari hii.

Kwenye kaunta ilitokea kwamba kuna ofa, anayenunua malapa hupata kipande cha sabuni bure. Keshia, msichana mwenye kope ndefu, akamsogezea dani kikapu. "Chukua yenye unapenda, dani. Ni nyongeza."

Alilitamka neno hilo hilo. Maduka yamelikataa miaka yote hiyo, sasa yamelirudisha limeandikwa kwa rangi nyekundu. Dani hakusogeza mkono. "Andika kwanza kwa risiti," akasema. Keshia akamwambia imeshaandikwa, bei yake sufuri. Dani akamwambia binti yangu aisome. Binti yangu akasoma: malapa, sabuni moja. Dani akamwambia asome tena. Foleni nyuma yetu ilianza kuguna. Hata baada ya kusomewa mara ya pili, hakuichukua sabuni. Alimwambia soja wa mlangoni aje aione kwanza.

Tulikaa nje kwenye benchi la saruji, dani na malapa yake mapya, na binti yangu akaenda kutafuta tuktuk. Nilijua kwamba nisiposema wakati huo sitasema kamwe. Nikamwambia dani kwa Kijaluo kwamba siku ile ya Migori nimeibeba. Nikamwambia nilikuwa mtoto, nilikuwa na hofu, na kwamba simsahau alivyoniokoa aliposema hajui mtu.

Alikuwa anatazama miguu yake. "Nilikuokoa?" akauliza.

"Ulisema hujui mtu ili nisifukuzwe."

"Nyakwara," akasema, "mimi sikujua mambo ya kufukuzwa. Nilisema sijui mtu ili usikie. Nilidhani ukisikia nimesema hivyo utakataa. Utasema, huyu ni nyanya yangu. Mtoto akisikia nyanya yake anasema hana mtu, si anakataa?" Alisema bila hasira, kama anayenieleza njia ya kwenda kisimani. "Nikangoja. Hata yule wa kamera aliponiambia niangalie mbele, mimi nilikuwa naangalia wewe. Nilisema labda sasa."

Viti vya makeshia vilikuwa kushoto kwake, pale mlangoni walipompigia picha. Miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Kila asubuhi kwa miezi ile nilipita mbele ya picha ya nyanya yangu akiwa ananitazama mimi, ananingoja, na mimi nikasema ni haya ya mwizi.

Sikuweza kumwomba msamaha. Nilikishika kifurushi cha viatu vyake vya zamani nikakifungua na kukifunga.

Binti yangu akarudi, tuktuk imesimama kando ya barabara. Akaniona uso. "Mama, kuna nini? Mlikuwa mnaongea nini?"

Nikafungua kinywa kusema hakuna kitu, nimezoea kusema hivyo. Dani hakunisaidia. Aliyageuza macho yake mabovu upande wangu, akayaacha hapo, akangoja.

Nikamwambia binti yangu amwambie dereva asubiri, aje akae. Nikaanza na kiberiti.